Udongo wa msingi wangu umeegemea ukuta wa jirani

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, tunajenga Kinyerezi, Dar es Salaam. Mume wangu yuko Tabora kikazi, kwa hiyo saiti naisimamia mimi, jioni nikitoka kazini na siku za Jumamosi. Kiwanja chetu kiko mtelemkoni, nyumba yenyewe ni ya vyumba vitatu, mita 12 kwa 10. Wiki tatu zilizopita tulileta kijiko kikasawazisha. Upande wa juu kilikula ardhi mpaka mita moja na nusu, upande wa chini hakikugusa sana. Baada yake vijana wakachimba mitaro ya msingi, shimo la tanki la maji taka na shimo la kunyonyea.

Sikujua udongo unaweza kuwa mwingi hivyo. Fundi aliniambia, "Mama, wewe usijali, tunausogeza pembeni." Pembeni ni kwenye mpaka wangu na mzee mmoja ambaye ndiye aliyetuuzia hiki kiwanja. Lundo limeegemea ukuta wake wa tofali na limefika kifuani kwangu. Pale mpakani, upande wangu, kuna mwembe mkubwa alioupanda yeye enzi hizo bado ni shamba. Alipotuuzia alituomba kitu kimoja tu, tusiukate. Hatujaukata, ila udongo umeufunika shina karibu mita nzima.

Wiki iliyopita ilinyesha mvua ya usiku mmoja. Asubuhi tope lilikuwa limepita chini ya geti la mzee hadi barazani kwake, na ukuta una ufa ambao yeye anasema haukuwepo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Binti yangu, sikutegemea." Tangu hapo nikipita namsalimia anaitikia bila kuniangalia. Inaniuma kuliko angenitukana.

Udongo mwingine umekaa barabarani, boza la maji halipiti, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa amenipa siku saba niondoe. Nimempata dereva wa lori la mita tano za ujazo. Anataka shilingi 60,000 kwa tripu na anasema kote kuko safi, yeye anajua pa kumwaga. Nilipombana akasema ni kwenye korongo lile la bondeni, kila mtu anamwaga pale. Wakati huohuo fundi ananiambia nianze kutafuta hela ya tripu 18 za kifusi cha kujazia ndani ya msingi kabla ya jamvi, yaani sakafu ya zege.

Naomba unishauri. Nimruhusu dereva akamwage korongoni? Ni lazima udongo wote utoke? Na mzee nimwendee vipi, nikiwa na nini mkononi?

Mwalimu, Kinyerezi

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nakuomba kabla ya kufikiria lori ufikirie ule ukuta. Tuko Septemba. Vuli huanza Oktoba, na hiyo mvua ya usiku mmoja ilikuja tu kukuonyesha njia itakayopita ijayo.

Ukuta wa uzio wa tofali umejengwa usimame na kubeba uzito wake. Haukujengwa kusukumwa ubavuni. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu uliolegezwa ina uzito wa tani moja na zaidi, na ukinywa maji unaongezeka uzito na kupoteza ule mshikamano uliokuwa unaufanya usimame wenyewe. Hapo ndipo unapoanza kuegemea. Tena lundo likipanda kimo mara mbili, msukumo wake kwa ukuta unapanda mara nne. Maana yake ni kwamba hata ukilishusha nusu tu leo jioni, umeondoa robo tatu ya hatari. Usingoje fedha za lori kufanya hilo.

Lishusheni kwa koleo na toroli, mkianzia juu, mkirudisha udongo ndani ya kiwanja chako. Kijiko kisikaribie pale, mtikisiko wake na uzito wake vinaweza kumalizia ufa. Acheni nafasi tupu ya mita moja nzima kati ya udongo na ukuta, mpaka muione ardhi ya asili. Na kabla ya koleo la kwanza, mwambie mzee asiruhusu mtoto, mbuzi wala nguo za kuanika upande wake wa ukuta mpaka kazi iishe. Hiyo ndiyo sababu yako ya kwanza ya kumwendea, na ni sababu nzuri kuliko pole.

Wakati uko hapo, tazama na yale mashimo ya maji taka. Nina hakika vijana wameweka udongo ukingoni kabisa, kwa sababu ndivyo wanavyofanya wakiachwa. Usogezwe mita moja kutoka mdomoni mwa shimo, na shimo lizungushiwe miti na lifunikwe usiku. Uzito unaokaa ukingoni ndio unaobomoa kuta za shimo na kumfukia aliye ndani.

Sasa hesabu. Niliifanya kwa vipimo ulivyonipa. Kusawazisha eneo la mita 12 kwa 10, kutoka mita moja na nusu upande mmoja hadi sifuri upande wa pili, ni kama mita 90 za ujazo. Mitaro ya msingi, nikikadiria mita 60 za urefu, upana sentimita 60 na kina 90, ni kama 32. Mashimo mawili nayapa 18. Jumla ni 140. Lakini hizo ni mita 140 za udongo uliokuwa umelala ardhini tangu Mungu auumbe. Ukichimbwa unavimba, kwa udongo wa mchanga na mfinyanzi chukua robo zaidi, kwa hiyo ulichonacho juu ya ardhi ni kama mita 175. Ndiyo maana ulishtuka, na kila anayejenga mara ya kwanza hushtuka hivyohivyo. Kwa lori la mita tano hizo ni tripu 35, shilingi milioni 2.1.

Halafu fundi wako anataka ununue tripu 18 za kifusi.

Hapo ndipo niliposimama nikaweka barua chini. Utalipa kutoa udongo wako, kisha ulipe kuingiza udongo wa mtu mwingine, uliochimbwa pengine kwenye kiwanja kama chako mtaa wa pili. Ndani ya msingi wako kuna eneo la kama mita 110 za mraba ukitoa kuta. Ukijaza kina cha sentimita 60 unahitaji mita 66 zilizoshindiliwa, na kwa udongo uliolegea ni kama mita 90. Hizo ndizo tripu zake 18. Kiasi hicho kipo, kimelala mpakani kwa mzee.

Lakini si kila udongo unafaa kukaa chini ya jamvi, na hapa nataka uwe makini kuliko kwenye fedha. Ile tabaka ya juu, sentimita 15 hadi 20, nyeusi, yenye mizizi na majani yaliyooza, isiingie ndani ya msingi hata toroli moja. Inaoza, inashuka, na mizizi inamwita mchwa. Unaofaa ni ule wa chini yake. Na kwa kuwa kijiko kilianza juu kikaenda chini, lundo lako ni kiwanja kilichopinduliwa: mweusi uliochimbwa kwanza uko chini kabisa karibu na ukuta, na ule mzuri uko juu. Ukilishusha kutoka juu, utaanza kupata wa kujazia, kisha wa bustani. Weka malundo mawili tangu mwanzo, maana ukishachanganya hutaweza kuchambua.

Upime huo wa chini. Chukua konzi, uloweshe kidogo, uviringishe viganjani mpaka uwe kama penseli, kisha uukunje kama pete. Ukikatika kabla ya kukunjika, una mchanga wa kutosha na unafaa kujazia. Ukikunjika pete nzima bila ufa na kung'aa ukiusugua kwa kidole, ni mfinyanzi mzito, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na jamvi lako litapanda na kushuka nao. Huo usiujazie peke yake. Vilima vya upande wa Pugu na Kinyerezi mara nyingi hutoa mchanga uliochanganyika na mfinyanzi kidogo, na huo mara nyingi unakubali. Ila pima sehemu tatu nne za lundo, kwa sababu kiwanja kimoja kinaweza kuwa na mikanda ya udongo tofauti. Ukiona mashaka mpe konzi hiyo mhandisi au fundi sanifu wa manispaa aishike mwenyewe.

Kujaza kwenyewe ndiko mafundi wengi wanakoharibu. Wanamimina udongo wote mpaka juu, wanafungulia mpira wa maji usiku kucha, asubuhi wanasema umeshuka. Umeshuka juu tu. Baada ya mwaka, vigae vinalia ukivigonga, kona za vyumba zinaacha ufa. Simamia hili mwenyewe hata kama ni lazima uombe ruhusa shuleni siku mbili: tabaka za nchi 6, kila moja ishindiliwe kabla ya inayofuata, kwa mashine ya kukodi au kwa nyundo nzito ya zege. Unyevu uwe ule ambao ukifinya udongo kiganjani unashikana, ukiubonyeza unavunjika vipande viwili. Ukitoa maji kati ya vidole umezidi. Ukiporomoka kama unga, umepungua.

Mitaro ya msingi nayo itarudishiwa nusu ya udongo wake kando ya kuta, karibu mita 20 zilizolegea. Mweusi utakaoutenga ni kama mita 22, na huo usimpe mtu. Utautaka siku utakapopanda mchicha na matembele, na utakapotaka ukoka ushike ule ukingo uliokatwa na kijiko. Ulundike chini chini, usizidi mita moja na nusu, ufunike kwa turubai au makuti, pembeni ya chini zungushia viroba vilivyojazwa mchanga ili mvua isiuteremshe.

Fanya hesabu sasa. Kutoka 175 toa 90, toa 20, toa 22. Inabaki kama mita 43, yaani tripu 9. Kumi kwa usalama. Ukikuta mfinyanzi mwingi zitaongezeka, lakini hazitafika 35.

Sasa dereva na korongo lake.

Mwambie hapana. Nakuambia hivi nikijua kwamba kila mtu anamwaga pale, na nikijua kwamba ukimkatalia atapata mwingine kesho. Maji ya korongo hilo yanaingia Mto Kinyerezi, Kinyerezi unaingia Msimbazi, na Msimbazi, unaotoka vilima vya Kisarawe na Pugu, unapita katikati ya jiji mpaka Jangwani na kutokea baharini karibu na daraja la Salenda. Udongo uliomwagwa haukai. Mvua kubwa ya kwanza inauchukua, na mahali maji yanapopunguza mwendo, ambapo ni Jangwani kwenye tambarare, unatua. Kitanda cha mto kinapanda. Mto uliojaa mchanga hauna pa kuweka maji, unayatoa nje. Wewe na mimi tumeona Barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi yamesimama, vijiko vinachota mchanga chini ya daraja. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sisemi udongo wa viwanja ndio ulioleta mvua ile. Nasema mto hujazwa na tripu kama zako, moja moja, kutoka kwa watu wa juu ambao maji hayatawafikia kamwe.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru kingo za mito ndani ya mita 60. Na usidanganyike kwamba udongo ukishapanda lori umekuwa wa dereva. Umetoka kwako, na akikamatwa jina atakalolitaja ni lako.

Hizo tripu 9 zitapata pa kwenda, kwa sababu kuna watu wanatafuta udongo kama wewe unavyotafuta pa kuutupa. Andika kibao "kifusi kinapatikana" ukiweke barabarani. Waulize mafundi wa mitaa ya jirani nani anakaribia kujaza msingi. Uliza shule yako, msikiti, kanisa, kama wana uwanja wa kusawazisha au shimo la zamani la mchanga la kufukia. Mwenyekiti aliyekupa siku saba mwendee kabla hazijaisha, mwonyeshe umeanza, muulize yeye na afisa mazingira wa kata ni wapi halmashauri inaruhusu kifusi. Watendaji wengi wakiona mtu anashughulika wanampa wiki nyingine bila kuombwa. Ule ulio barabarani lakini uuondoe kwanza kuliko wote, leo au kesho, hata kama ni kuuingiza tu ndani ya kiwanja. Barabara si yako, na boza lisipopita ni majirani wanaokaa bila maji.

Jihadhari na mtu mmoja: yule atakayekuambia ana kiwanja bondeni anataka kukiinua. Nenda ukakione kwa macho. Kama kiko ukingoni mwa mto au maji hupita hapo masika, usimpe. Anaziba njia ya maji, na maji yatahamia kwa mwenzake. Ukikubaliana na yeyote, aandike karatasi fupi kwamba ameupokea udongo kwenye kiwanja chake, na tripu ya kwanza panda lori uione ikimwagwa. Lori lifunikwe turubai. Mifuko ya simenti, plastiki, misumari na vipande vya nondo viokotwe kabla ya kupakia. Usilipe kwa siku, lipa kwa tripu uliyoihesabu.

Kuhusu mwembe. Mizizi inayoulisha haiko chini sana kama watu wanavyodhani. Mingi iko karibu na uso wa ardhi, na inahitaji hewa. Ukiifunika kwa mita ya udongo inakosa pumzi, na shina lililozoea jua likikaa ndani ya unyevu gome linaoza. Mti haufi wiki hii. Utaanza kukauka matawi ya juu baada ya mwaka au miwili, na kila mtu atasema ni uzee. Wiki tatu bado si nyingi. Uondoeni udongo kwa mikono karibu na shina, bila jembe, mpaka muone pale shina linapopanuka kuwa mizizi, na muendelee kusafisha hadi mwisho wa kivuli chake kwa kadiri mnavyoweza. Gari lisipite hapo wala pasiwekwe tofali.

Na ukingo ule wa juu aliouacha kijiko, mita moja na nusu wima, usije ukausahau kwa sababu leo haukusumbui. Usimkubalie fundi aufunike kwa ukuta wa tofali za kawaida, utakuwa umerudia kosa lilelile nyuma ya chumba cha watoto. Ama uulaze kwa mteremko na kuupanda ukoka au nyasi za vetiva, ama ujenge ukuta wa kushikilia udongo uliochorwa na mhandisi, wenye kokoto nyuma yake na matundu ya kutolea maji. Juu yake chimba mtaro mdogo wa kukinga maji yasiingie. Udongo wa mteremko huo ukiulaza utaongeza mita chache, zijazie ndani.

Mzee sasa. Umeuliza umwendee na nini mkononi. Yule hakukuuzia ardhi tu, alikukabidhi mwembe wake, na neno lake la "sikutegemea" ni la mtu aliyekuwa anakutegemea. Usiende na bahasha. Nenda leo jioni, mpigie hodi, mwamkie, mwambie: "Baba, udongo ni wangu na kosa ni langu. Vijana wanaanza kuushusha kesho asubuhi, naomba upande wako pasikae mtu." Usimtaje fundi. Ulimwajiri wewe. Kuhusu ufa usibishane kama ulikuwepo au haukuwepo, piga nao picha mkiwa wote wawili, wekeni alama ya penseli mwisho wa ufa na tarehe, mtazame baada ya lundo kuondoka kama unaendelea. Ukiendelea, ukuta kipande hicho ubomolewe na kujengwa upya kwa gharama yako. Usipoendelea, uuzibe na kuupiga plasta vizuri, pia kwa gharama yako. Fedha hiyo unayo, ni ile ambayo hutanunulia kifusi. Baraza lake kalioshe mwenyewe, usimtume kijana.

Na siku mtakapofika kwenye shina la mwembe, mwite aje asimamie. Yeye ndiye anayejua usawa wa ardhi ulikuwa wapi alipoupanda.